Gitaa nilibebe, au niliache nyumbani?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nakuru, mzaliwa wa Kilifi. Tuna kikundi cha marafiki, wengi wetu walimu na wauguzi. Tunachanga pesa kidogo kidogo, na shule zikifungwa tunakwenda kupiga kambi wikendi moja. Mimi ndiye mweka hazina. Mara nyingi tunakwenda Naivasha, kando ya ziwa, kwa sababu ni karibu na gharama yake tunaimudu.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote katika safari hizo ni moto wa jioni. Napiga gitaa, lile kavu lisilotumia umeme, ambalo baba yangu mdogo alinifundisha nikiwa sekondari. Kwetu nimelelewa katika kayamba na nyimbo za harusi, na katika nyimbo zile hakuna anayekaa kutazama tu. Ukiwapo, unaitikia. Nilitarajia moto wa kambi nao uwe hivyo.

Shida ni hii. Kaka mmoja katika kikundi ana spika kubwa ya kuchaji, ile ya magurudumu. Yeye pia ndiye mwenye gari linalotubeba, kwa hivyo hakuna anayethubutu kumwambia neno. Moto ukiwashwa, spika nayo inawashwa. Nikitoa gitaa naambiwa, "Mwalimu, ngoja wimbo huu uishe," na ukiisha unaunganishwa na mwingine. Siku anapokubali kuizima, naimba mimi na wenzangu wawili watatu. Waliobaki wananirekodi kwa simu au wanaangalia mambo yao. Nikiwaomba tuimbe pamoja, wanasema hawana sauti.

Likizo ya Desemba mambo yaliharibika. Saa sita ilikuwa imeshapita usiku, mama mmoja wa hema la jirani akaja kwetu na mtoto mgongoni. Alitusalimu vizuri, akaomba tupunguze muziki kwa sababu mtoto alikuwa na homa na hajapata usingizi. Mwenye spika akamjibu, "Mama, hata sisi tumelipa." Wengine wakacheka. Gitaa langu nilikuwa nimeshalirudisha kwenye mfuko muda mrefu, lakini fedheha ilinipata mimi kama wote. Mlinzi wa kambi alikuwa pale pale langoni na hakuinuka. Asubuhi familia ile iling'oa hema kabla hata ya chai.

Tangu siku hiyo kikundi kimegawanyika. Rafiki yangu wa karibu, muuguzi, anasema safari ijayo muziki uachwe kabisa, anayetaka kelele aende klabu. Mwenye spika anasema bila muziki haendi, na asipokwenda yeye gari nalo haliendi. Kuna na wengine wanaotaka tuimbe nyimbo za kanisani tu, ilhali baadhi yetu, mimi nikiwemo, ni Waislamu. Safari ya Aprili tumepanga kulala ndani ya mbuga ya Hell's Gate, na mpaka sasa hakuna tulichokubaliana.

Mjomba, gitaa nilibebe au niliache nyumbani? Na watu hawa niwafanyeje ili waimbe?

Mpwa wako,
Nakuru

* * *

Marahaba mpwa wangu,

Libebe. Kinachobaki nyumbani ni spika.

Nianze na yule mama, kwa sababu jibu alilopewa limeniuma. Yeye pia alilipa. Kila mmoja alilipia mahali pa kusimamisha hema, na hema ni kitambaa tu: halina ukuta wala dirisha la kufunga. Mtu wa nyumbani akikerwa na muziki wa jirani atahamia chumba cha pili. Aliye kambini na mtoto mwenye homa hana pa kuhamia. Kuamka gizani, kumfunga mtoto mgongoni, kuwaendea watu asiowajua na bado kuanza na salamu, hiyo ni adabu kubwa, na ilistahili kupokewa kwa adabu.

Tena usiku wa Naivasha unabeba sauti kuliko mnavyodhani. Pale ni Bonde la Ufa, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku usio na mawingu ardhi hupoa upesi. Hewa iliyo chini inakuwa baridi kuliko iliyo juu yake, na sauti ambayo mchana ingepotelea angani inapinda na kurudi chini, ikasafiri mbali. Sauti ya mtu na gitaa kavu hufifia baada ya hatua kadhaa. Mdundo wa besi haufifii hivyo, unapenya turubai na mto wa kulalia. Ninyi mlioketi karibu na spika mlisikia wimbo. Mtoto yule alikuwa anasikia kishindo tu, bila wimbo wowote.

Na sheria ipo. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zinahesabu usiku kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kiwango kinachoruhusiwa usiku katika maeneo ya makazi ni cha chini sana, desibeli 35 tu. Hicho ni kiasi cha watu kunong'onezana. Sikuambii haya ili ukamtishe mtu na polisi. Nakuambia ili mtu asiseme tena kwamba kuombwa kunyamaza baada ya saa sita ni kuonewa.

Sasa Hell's Gate. Mmechagua mahali pazuri mno. Ni mbuga ya kilomita za mraba 68, ilitangazwa rasmi mwaka 1984, na ni moja ya mbuga chache za Kenya ambamo mtu anaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Kambi kama Naiburta na Ol Dubai ziko juu, na ukisimama pale jioni unaona miamba myekundu. Lakini kumbuka kwamba huko hamko kwenye uwanja wa mtu binafsi kama kambi za kando ya ziwa. Mko nyumbani kwa wanyama. Nyati wapo, fisi wapo, chui wapo. Mwongozo wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwa wageni wa mbuga zake unasema waziwazi kwamba watu wawe watulivu, kwa sababu kelele huwasumbua wanyama na huwaudhi wageni wengine. Kwa hivyo suala la spika halihitaji kura ya kikundi. Mbugani haiendi. Na hata kuimba kwenyewe kuwe kwa sauti ya kiasi, na kuishe mapema.

Hilo linakupa mlango wa kuzungumza na kaka yenu, nawe uutumie vizuri. Usimwendee kwenye kundi la WhatsApp. Mtu akiambiwa mbele ya watu kumi na wanne hujitetea hata pale ambapo moyoni amekubali. Mtafute mwenyewe, uso kwa uso, wiki kadhaa kabla ya safari. Usianze na habari za Desemba. Anza na Hell's Gate: mwambie mbuga ina utaratibu wake, spika itabaki, na ungependa asikie kwako kabla ya kusikia kwa askari wa langoni. Habari za yule mama zije baadaye, polepole, mkishaelewana. Huenda akaja kuzitaja mwenyewe.

Lakini mpwa wangu, nikisoma barua yako naona jambo lililo kubwa kuliko spika. Mmenyamaza kwa sababu ya gari. Wewe ni mweka hazina, basi nikuulize: je, kikundi humlipa mafuta? Humchangia lolote gari likihitaji kutengenezwa baada ya vumbi la barabara zile? Kama hamfanyi hivyo, yeye anajiona ndiye anayewapeleka, na anayewapeleka wenzake huona ni haki yake kuchagua muziki. Msifike Aprili mkiwa na deni hilo. Fungua daftari, hesabu mafuta ya kwenda na kurudi, igawe kwa kila kichwa, mpe pesa yake mkononi kabla hamjaondoka. Ulizia pia bei ya kukodi matatu ya abiria 14 kutoka Nakuru hadi lango la Elsa la mbuga hiyo, ili neno lake la "gari haliendi" lisiwe mwisho wa safari. Mkishamlipa, mtazungumza kama watu sawa. Na ninaamini mtu anayejitolea gari lake kila likizo anawapenda. Mpeni heshima hiyo.

Tuje kwenye kuimba, maana hapa nina neno ambalo huenda lisikufurahishe.

Wenzako wanasema hawana sauti. Si kweli, na wewe mwalimu unajua si kweli. Tamasha la muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na kizazi baada ya kizazi cha watoto wa nchi hii wamepangwa mistari kwenye viwanja vya shule, wakafundishwa nyimbo za kiasili za makabila ambayo hata lugha zao hawazijui, mmoja akiongoza na arobaini wakiitikia. Walimu na wauguzi wako wengi wamepita humo, au katika kwaya ya kanisa, au madrasa. Sauti wanazo. Ila wewe ukikaa na gitaa, ukaanza ubeti wa kwanza wa wimbo unaoujua wewe, katika sauti inayokufaa wewe, umefanya onyesho. Na kwenye onyesho watu hutoa simu. Usiwalaumu, wanafanya kile ambacho umewaachia wafanye.

Rudi kule Kilifi ulikotoka. Wimbo wa kayamba hauanzi kwa mtu mmoja kuimba beti nne huku wengine wakingoja. Unaanza kwa mwito mfupi, na jibu lake ni maneno matatu au manne ambayo hata mgeni ameyashika kufikia mara ya pili. Basi moto ukishika, gitaa liache mfukoni kwanza. Anza kwa makofi. Toa mwito, wafundishe jibu, wape mara mbili za kujaribu, kisha endelea. Mwongozaji anaweza kubadilisha maneno apendavyo, akamtaja aliyeunguza ugali, akamtaja aliyeogopa ngedere. Waitikiaji wanabaki na jibu lao lile lile. Anayetajwa jina kwenye wimbo haangalii simu. Wakishaimba kwa dakika kumi hivi, ndipo gitaa liingie chini yao, taratibu, liwafuate wao.

Angalia pia unaanzia wapi. Wengi wanaosema hawana sauti waliwahi kuanzishiwa wimbo juu mno, wakashindwa, wakaamua kunyamaza maisha yao yote. Usiku watu wamechoka, koo zimekauka kwa vumbi na moshi. Anzia chini ya pale unapopapenda wewe. Ukiona wanaume wanakatika kila kiitikio kinapopanda, shusha. Kama una kapo ya gitaa, itakusaidia: ukiifunga shingoni mwa gitaa, wimbo unapanda; ukiitoa, unashuka, na vidole vyako havihitaji kujifunza kitu kipya. Jaribu nyumbani na mtu asiyeimba, usijaribu na mwanakwaya.

Halafu wape watu kazi ya mikono. Omba kayamba moja kutoka nyumbani Kilifi, mpe mtu mwenye haya kuliko wote. Akiwa na kitu cha kutikisa, mdomo wake utafunguka wenyewe. Na yule kaka wa spika, mtu wa midundo, mpe chupa ya soda. Katika miaka ya 1950 na 1960, wapiga gitaa wa magharibi mwa Kenya, wale wa mtindo wa omutibo, akina George Mukabi, walipiga gitaa kavu kwa vidole huku mwenzao akikwaruza na kugonga chupa ya Fanta yenye mifuo. Ngoma haikuwapo, kipaza sauti hakikuwapo, na watu walicheza. Kabla yao, mwaka 1952, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco kule Katanga, nchini Kongo, gitaa moja na sauti moja, na upigaji ule ukaenea hadi huku kwetu. Mwambie kaka huyo historia hiyo. Kuna ufundi katika chupa ile, na mtu mwenye sikio la mdundo ataupata jioni moja.

Kuhusu mpangilio, waulize skauti wa shuleni kwako, maana uskauti uko Kenya tangu 1910 na moto wa kambi ni sehemu ya malezi yao. Wao hufuata moto wenyewe. Ndimi zikiwa juu, huimba nyimbo za haraka, za makofi na kusimama. Moto ukianza kushuka, nyimbo nazo hushuka. Ukibaki makaa, ni zile za polepole, kisha hadithi. Mimi ningeongeza jambo moja kwako kama mweka hazina: nunua kuni za kutosha hadi saa tatu na nusu, zisizidi. Ulizeni langoni kuhusu kuni kabla ya kuingia, msiokote wala kukata porini, na tumieni sehemu ya moto iliyokwisha kutengenezwa, ndoo ya maji ikiwa karibu. Nyasi za Hell's Gate zikikauka zinashika moto kwa cheche moja. Kuni zikiisha, jioni imekwisha, wala hakuna anayelazimika kuwa askari wa wenzake.

Nyimbo za dini nitazipitia kwa kifupi. Waumini waimbe, hakuna ubaya, lakini moto ni wa wote. Kila mtu apewe zamu ya kuanzisha wimbo mmoja. Wa kanisani aanzishe wa kwao, wewe uanzishe kasida ukipenda, na anayeona jibu la wimbo fulani haliendani na imani yake apige makofi tu bila kuulizwa. Zamu zikizunguka mtafika kwenye nyimbo za bembea za bibi zenu na nyimbo za michezo ya utotoni, na pale ndipo kikundi kama chenu, cha watu wa kila pembe ya nchi, kinapata utajiri wake. Mluhya ataleta wa kwao, Mkalenjin wa kwao, nawe utatoa wa Kigiriama. Zamu hii usiiruke hata mkichelewa.

Gitaa lenyewe lilinde. Lisikae karibu na moto hata kama wewe unasikia baridi: nyuzi zikipata joto hulegea na sauti hushuka, zikipoa hukaza, na joto kali huilegeza gundi inayoshika mbao. Mchana usiliache ndani ya gari lililofungwa juani. Ukitoka nalo hemani liache kidogo lizoee hewa, ndipo ulitengeneze nyuzi. Nawe keti upande ambao upepo unatokea, moshi usikuingie kooni.

Kabla ya giza, nendeni mkawasalimu majirani wa kambi, wakiwapo. Waambieni mtaimba kidogo hadi saa tatu na nusu, na kama ni usumbufu wawaite kwa majina. Wakaribisheni. Mtu aliyekaribishwa husikia wimbo kwa sikio jingine, na asipokuja, angalau anajua mwisho wake ni saa ngapi.

Safari hiyo ya kuwasalimu majirani nenda na rafiki yako muuguzi. Aliyoyasema kuhusu usiku ule ni haki tupu, ila muziki wote asiuhukumu kwa kosa la usiku mmoja. Mkabidhi saa. Akisema basi, gitaa liingie mfukoni, hata kama wimbo uko katikati.

Mjomba wako